Kuanzisha na Kuendesha Klabu ya Huduma kwa Jamii Inayolea Viongozi: Mwongozo Kamili kwa Walimu Walezi na Vijana wa Sekondari

Shule nyingi za sekondari nchini Tanzania zina klabu mbili tatu ambazo majina yake yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, zina mwenyekiti na katibu, na mara moja kwa mwaka wanachama wake huvaa fulana zinazofanana na kwenda kufagia soko au hospitali huku wakipigwa picha. Kazi ya siku ile si mbaya. Lakini ukimuuliza mwenyekiti ni uamuzi gani aliufanya mwenyewe tangu achaguliwe, mara nyingi atakosa la kusema, kwa sababu tarehe ilipangwa na mwalimu, usafiri ulitafutwa na ofisi ya shule, na hotuba aliyoisoma iliandikwa na mtu mwingine. Mwongozo huu unawahusu mwalimu mlezi na vijana wanaotaka klabu ya namna nyingine, ambayo kijana hukabidhiwa jambo lenye tarehe, watu na fedha kidogo, akalifanya, kisha akarudi kutoa hesabu mbele ya wenzake waliomtuma. Hatua zote zinazofuata zimepangwa ili nafasi hiyo wapate vijana wengi kadiri iwezekanavyo, si mwenyekiti peke yake.

Mifano nimeichukua katika mazingira ya shule ya sekondari ya kutwa ya Tanzania. Wasomaji wa Kenya, Uganda au kwingineko watabadilisha majina ya ofisi na kalenda ya masomo, lakini utaratibu wenyewe hautabadilika sana.

Kwanza: kujiunga na mtandao au kusimama peke yenu

Kabla ya kuita mkutano wa kwanza, amueni kama klabu yenu itakuwa tawi la mtandao uliopo au klabu ya shule tu. Mitandao inayofahamika zaidi kwa vijana ni michache. Interact ni klabu za vijana wa miaka 12 hadi 18 zinazolelewa na klabu za Rotary, chama cha kimataifa cha watu wazima wanaojitolea kuhudumia jamii. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1962 katika shule ya sekondari ya mji wa Melbourne, jimbo la Florida nchini Marekani. Klabu ziitwazo Leo ni za Lions, chama kingine cha aina hiyo; zilianza mwaka 1957 katika jimbo la Pennsylvania, huko huko Marekani, na hupokea vijana wa miaka 12 hadi 30. Roots & Shoots ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu wa Gombe, alipokutana na wanafunzi 12 waliokuwa na wasiwasi kuhusu mambo waliyoyaona katika maeneo yao, na tangu hapo klabu zake hutakiwa zifanye kazi kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira. Zipo pia klabu za Malihai zinazojihusisha na uhifadhi wa wanyamapori, na kule Kenya zipo klabu za wanyamapori zilizoanza mwaka 1968. Skauti ni wakongwe kuliko hawa wote, nao wana jambo moja ambalo kila klabu ingefaa kuliazima, nami nitalirudia kwenye hatua ya wanachama.

Faida ya mtandao ni kwamba unakuja na kanuni zilizokwisha kujaribiwa, mafunzo, na nafasi ya vijana kukutana na wenzao wa shule nyingine. Interact, kwa mfano, huitaka kila klabu ifanye angalau miradi miwili kwa mwaka, mmoja wa kuhudumia shule au jamii na mwingine wa kujenga maelewano kati ya mataifa. Gharama yake ni kwamba Interact na Leo zinahitaji klabu ya watu wazima ya kuzilea, na klabu hizo za watu wazima kwa kawaida ziko mijini. Shule iliyo mbali na mji isikae ikisubiri mlezi wa aina hiyo. Anzeni kama klabu ya shule, fanyeni kazi mwaka mmoja, kisha mkibisha hodi kwa mtandao wowote mtakuwa na kitu cha kuonyesha mezani.

Hatua ya kwanza: kutembea na kusikiliza kabla ya kuchagua kazi

Klabu nyingi huanza kwa kuchagua mradi darasani, na hilo ndilo chanzo cha miradi isiyohitajika na mtu. Anzeni kwa kutoka. Wagawanyeni vijana kumi au kumi na tano wa mwanzo wawili wawili, kila jozi ipewe sehemu moja ya kwenda ndani ya eneo linalofikika kwa miguu: ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, zahanati, shule ya msingi ya jirani, soko, msikiti na kanisa, pamoja na nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Kila jozi iende na barua fupi ya utambulisho kutoka shuleni, kwa kuwa mtendaji wa mtaa ana haki ya kuuliza vijana hawa ni nani, na muuguzi wa zahanati hawezi kuacha wagonjwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana.

Maswali yasizidi manne. Ni jambo gani linalowasumbua kila wiki? Nani amewahi kujaribu kulitatua, na lilikwama wapi? Ni kazi gani ambayo msingependa vijana waiguse? Na tukija, nani wa hapa atafanya kazi nasi? Swali la pili na la nne ndiyo yenye uzito. Ukiambiwa kwamba pampu ya kisima ilitengenezwa na wafadhili ikaharibika kwa sababu hakuna aliyekusanya fedha za vipuri, umeshajifunza jambo kubwa kuliko semina nzima ya uongozi. Na mahali ambapo hakuna mwenyeji hata mmoja aliye tayari kushirikiana nanyi, mradi huo uacheni, hata kama shida yenyewe inatia huruma.

Jozi zikirudi, kila moja isimame na kueleza ilichosikia, si inachofikiri. Kijana asiyezoea kusema mbele za watu hapa hupata la kusema, kwa maana ana habari ambayo hakuna mwingine aliye nayo, na wote wanamsubiri. Kisha chagueni jambo moja tu kwa vipimo vitatu: liwe karibu kiasi cha kurudiwa kila wiki au kila baada ya wiki mbili, lisiwe na hatari inayowazidi vijana, na matokeo yake yaweze kuhesabiwa kwa macho. Kazi ambayo jamii humlipa mtu kuifanya isichukuliwe na klabu. Vijana wanaofagia soko bure wakati mfagiaji wa soko hajalipwa mshahara wake hawajamsaidia mtu.

Hatua ya pili: ruhusa, walezi na usalama

Mkuu wa shule apelekewe barua ya ukurasa mmoja inayotaja jina la klabu, lengo, siku na saa za mikutano, mahali pa kazi na majina ya walezi. Nakala ya barua hiyo, baada ya kugongwa muhuri, ipelekwe ofisi ya mtaa au kijiji. Mzazi au mlezi wa kila mwanachama asaini fomu ya ridhaa inayoeleza wazi kwamba mtoto atatoka nje ya eneo la shule kwa saa fulani. Kundi la vijana wa mtaani wasio wanafunzi lianzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye ataeleza namna ya kutambuliwa na halmashauri. Huko ndiko pia inakopatikana habari ya mikopo inayotengwa na halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ingawa fedha hizo ni za shughuli za kiuchumi na hazifai kuchanganywa na kazi za kujitolea.

Walezi wawe wawili, mwanamume na mwanamke, na kanuni za ulinzi ziandikwe mapema ili zisionekane kama zimemlenga mtu fulani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na hivyo karibu wanachama wote wa klabu ya sekondari ni watoto kisheria. Mtu mzima asibaki faragha na mwanachama mmoja. Baada ya zile ziara za mwanzo za jozi, vijana waende kwenye kazi watatu au zaidi. Warudi nyumbani kabla ya giza. Na kila mwanachama aijue namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto.

Mlezi ana kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, nayo ni kunyamaza. Anatakiwa aingilie kati pale penye hatari, penye uonevu au penye upotevu wa fedha. Kwingineko aache vijana wagonge mwamba. Mwalimu aliyezoea darasa la wanafunzi 60 ataona mkutano wa vijana ukichukua dakika ishirini kujadili nani atabeba ndoo, naye atatamani kusimama na kuamua. Asisimame.

Hatua ya tatu: wanachama, vikosi na katiba fupi

Klabu ya watu 24 inafanya kazi. Klabu ya watu 150 inafanya mahudhurio. Pokeeni wanachama kwa kipindi cha majaribio: atakayehudhuria mikutano mitatu na kumaliza kazi moja aliyopewa ndiye anayeandikwa kwenye daftari. Sharti hili huwapunguza waliokuja kwa ajili ya cheti au safari, na halimfungii mlango mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye bado hajulikani na mtu.

Sasa lile jambo la Skauti. Tangu kambi ya majaribio ya mwaka 1907 kisiwani Brownsea, Uingereza, ambako Baden-Powell aliwagawa wavulana 20 katika makundi madogo, Skauti wameshika utaratibu wa vikosi vya vijana sita hadi wanane, kila kikosi kikiongozwa na mmoja wao na si mtu mzima. Wagaweni wanachama wenu hivyo hivyo. Katika klabu ya watu 24 mtakuwa na vikosi vinne vyenye viongozi wanne na wasaidizi wanne, na papo hapo watu wanane wana dhamana ya kweli kabla hata hamjamchagua mwenyekiti. Kikosi kimoja kichanganye madarasa, wavulana na wasichana, ili marafiki wa dawati moja wasijifungie pamoja.

Katiba isizidi kurasa mbili. Iseme jina na lengo la klabu, nani anaweza kuwa mwanachama, vyeo na muda wake, idadi ya wanachama inayohalalisha uamuzi, namna fedha zinavyotunzwa, namna kiongozi anavyoweza kuondolewa, na mali ya klabu itakwenda wapi klabu yenyewe ikivunjika. Iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mwanachama, isomwe kifungu kwa kifungu, na ipigiwe kura. Nimeona katiba za klabu za shule zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye katiba ya chama kikubwa, zikiwa na baraza la wadhamini na mkutano mkuu wa mikoa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzifungua.

Hatua ya nne: kuchagua viongozi

Fanyeni uchaguzi baada ya kazi ya kwanza kwisha, si kabla. Kwa wiki sita au nane za mwanzo klabu iendeshwe na viongozi wa vikosi wakipokezana kuongoza mkutano. Muda huo ukiisha, wanachama watakuwa wamewaona watu wakifanya kazi, na kura yao itakuwa na msingi. Mgombea asiulizwe ahadi zake. Aeleze kwa dakika tatu kazi moja aliyoifanya klabuni, ilipomshinda, na alivyofanya baada ya kushindwa. Kura iwe ya siri, ihesabiwe mbele ya wote.

Yako mazoea mawili ya kuyatazama kwa makini. La kwanza ni kumpa cheo kaka mkuu au dada mkuu kwa kuwa tayari ni kiongozi. Huyo ana kazi yake, na kumwongezea nyingine ni kumnyima nafasi kijana ambaye hajawahi kuaminiwa na mtu. La pili ni kwamba mwenyekiti huwa mvulana na katibu msichana mwenye mwandiko mzuri, kana kwamba imeandikwa mahali. Njia rahisi ya kulivunja ni kifungu cha katiba kinachosema kwamba mwenyekiti na makamu wasiwe wa jinsia moja, na kwamba uenyekiti upokezane jinsia kila mwaka. Watakaopinga kwa hoja ya uwezo waulizwe kama uwezo huo umewahi kupimwa.

Hatua ya tano: mradi wa kwanza, tangu wazo hadi wiki ya sita

Hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo klabu hujulikana kama ni klabu. Tuseme jozi iliyokwenda shule ya msingi ya jirani imerudi na habari kwamba watoto wanatoka chooni bila kunawa mikono kwa sababu bomba liko upande wa pili wa uwanja na mara nyingi halina maji. Klabu inaamua kutengeneza vibuyu chirizi vinne karibu na vyoo.

Kutengeneza chenyewe si kazi kubwa. Dumu la lita tano hutobolewa tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, sentimita chache chini ya mfuniko, kisha hutundikwa kwenye ufito uliolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba iliyofungwa shingoni mwa dumu hushuka hadi kwenye kijiti kilicho karibu na ardhi. Mtoto akikanyaga kijiti hicho dumu huinama, maji huchirizika, naye hanawi kwa kushika kitu kilichoshikwa na mwenzake. Sabuni ya mche hukatwa, hutobolewa na kutundikwa kando kwa kamba, chini ya kipande cha chupa ya plastiki kinachoikinga na mvua. Chini humwagwa kokoto ili pasigeuke tope. Vikosi vinne vinaweza kumaliza vituo vinne kwa asubuhi moja ya Jumamosi, watoto wakishangilia na mwalimu mkuu akishukuru.

Klabu ya fulana huishia hapo. Klabu inayolea viongozi huanzia hapo, kwa sababu Jumatatu asubuhi nani atajaza maji? Sabuni ikiisha Jumatano, itatoka wapi? Mtoto wa darasa la pili akikata kamba kwa kuning'inia, nani atajua? Maswali haya yajadiliwe kabla ya dumu la kwanza kutobolewa, na majibu yake yapatikane kwa kuzungumza na watu, si kwa kukisia. Kiongozi wa kikosi cha kwanza aende kumwona mwalimu wa afya wa shule ile na kukubaliana naye ni darasa gani litajaza maji siku gani. Kiongozi wa kikosi cha pili aulize kama kamati ya shule inaweza kuingiza sabuni kwenye matumizi yake, na kama haiwezi, atafute njia nyingine. Kikosi cha tatu kiandae daftari la ukaguzi, na cha nne kiwafundishe wanafunzi wa darasa la sita kufunga kamba mpya.

Kisha vikosi vikague kwa zamu, kila wiki, kwa wiki sita. Mkaguzi anaandika mambo matatu kwa kila kituo: maji yapo au hayapo, sabuni ipo au haipo, kamba ni nzima au imekatika. Mtegemee kwamba kufikia wiki ya tatu kituo kimoja kitakuwa kimekufa. Labda sabuni inaibwa, jambo ambalo katika shule yenye watoto wanaotoka kwenye nyumba zisizo na sabuni halipaswi kumshangaza mtu. Kiongozi wa kikosi husika sasa ana tatizo la kweli mikononi mwake: amlaumu mwalimu, awalaumu watoto, au akae na watoto wale awaulize? Anaweza kuamua kuweka sabuni ya kuchanganywa na maji ndani ya chupa iliyotobolewa mfuniko, isiyobebeka kirahisi. Anaweza pia kukosea. Uamuzi ni wake na taarifa ataisoma mwenyewe mkutanoni, na siku hiyo moja itamfunza mambo ambayo hatayapata katika mwaka mzima wa kusikiliza mada.

Miradi mingine ina mitego yake, na inafaa kuijua mapema. Klabu nyingi hupanda miti tarehe 5 Juni kwa kuwa ni Siku ya Mazingira Duniani. Kwa Dodoma, ambako mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili, mche uliopandwa siku hiyo una miezi mitano ya kiangazi mbele yake, na hata kwa Dar es Salaam masika huwa yanaishia. Siku hiyo itumieni kuhesabu miche iliyopona, na upandaji uwe mvua zinapoanza. Kuchangia damu nako kuna masharti: mchangiaji anatakiwa awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, kwa hiyo wanafunzi wengi hawawezi kuchangia. Lakini wanaweza kuhamasisha wazazi, kupanga foleni, kuandaa maji na viti, na kuwakumbusha wachangiaji wa zamani kwamba mwanamume huweza kurudia baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Kazi ya kuwakumbusha watu ni ya kiuongozi kuliko ya kusimama kwenye picha na mkoba wa damu.

Kuhusu kutembelea vituo vya watoto yatima na kukabidhi sabuni na unga mbele ya kamera, nasema waziwazi kwamba siipendi. Mtoto wa kituoni ana umri uleule wa mwanachama wa klabu, na hakuomba kuwa mandhari ya ukarimu wa mwenzake. Klabu inayotaka kwenda iende kila wiki kusaidia masomo, bila kamera. Na popote pale, mtu asipigwe picha wala habari zake za ugonjwa au umaskini zisisambazwe bila ridhaa yake, na kwa mtoto bila ridhaa ya mzazi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelifanya hili kuwa suala la kisheria.

Hatua ya sita: mikutano na daftari la fedha

Mkutano uwe wa dakika 45, siku ileile, saa ileile. Ajenda ibandikwe siku mbili kabla. Mwenyekiti aongoze, lakini kila mkutano wa tatu uongozwe na kiongozi wa kikosi, na mwanachama asiyewahi kuandika muhtasari aandike pamoja na katibu angalau mara moja katika muhula.

Tazameni tofauti ya mistari miwili ya muhtasari. Wa kwanza: "Iliazimiwa kwamba suala la sabuni lishughulikiwe." Wa pili: "Kiongozi wa kikosi cha pili ataonana na mwalimu wa afya Jumatano saa kumi, na ataleta jibu kwenye mkutano wa Ijumaa." Mstari wa kwanza hauna mtu, kwa hiyo hakuna atakayeulizwa. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma mistari ya aina ya pili mmoja mmoja, na kila aliyetajwa ajibu mwenyewe. Aliyeshindwa aseme ameshindwa na anahitaji nini. Asiaibishwe, lakini pia asiruhusiwe kupita kimyakimya.

Fedha zinavunja klabu kuliko ugomvi. Mchango wowote unaokusanywa shuleni uwe na kibali cha mkuu wa shule, na ada iwe ndogo kiasi kwamba mtoto wa familia maskini hatalazimika kujificha. Mweka hazina awe na daftari lenye safu za tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka na salio. Kama klabu ilikuwa na shilingi 30,000, na kamba, misumari na sabuni vikagharimu shilingi 18,500, basi salio la shilingi 11,500 lisomwe mkutanoni na fedha zenyewe zihesabiwe mbele ya wawili. Hakuna kutoa fedha bila saini ya mweka hazina na mwenyekiti, pamoja na mlezi mmoja. Fedha zisikae kwenye simu ya mlezi zikichanganyika na za kwake, hata kama ni mwaminifu kiasi gani, kwa sababu siku salio lisipolingana hakutakuwa na njia ya kumtetea.

Hatua ya saba: kuketi baada ya kazi

Kila kazi ikimalizika, kabla watu hawajatawanyika au kwenye mkutano wa karibuni, kaeni duara na mjiulize: tulikusudia nini, kilitokea nini, na kwa nini vikatofautiana? Asiye na cheo aanze kusema, kiongozi wa kazi afuate, na mlezi awe wa mwisho. Mpangilio huu ni muhimu, kwa kuwa mwalimu akisema kwanza vijana wote watakubaliana naye, na mkutano utakuwa umekwisha.

Swali gumu ambalo mlezi anaweza kuliuliza ni hili: ni nani leo alifanya kazi isiyo yake, na kwa nini? Mara nyingi mtagundua kwamba mwenyekiti alibeba maji, akafunga kamba na kuzungumza na mwalimu mkuu, huku wengine wakitazama. Machoni pa wengi huyo ni shujaa. Ukweli ni kwamba hajajifunza kugawa kazi, na kikosi chake hakijajifunza kitu. Mlezi amwambie faragha lakini mbele ya mlezi mwenzake, kwa maneno ya upole, na mradi ufuatao apewe sharti moja tu, kwamba asishike chombo chochote cha kazi.

Hatua ya nane: kukabidhi mapema

Wanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba, na viongozi walio kidato hicho wakiendelea na vyeo hadi Septemba, klabu hufa nao. Chagueni viongozi wapya mwezi Mei, zaidi wakitoka kidato cha tatu, watembee na wanaoondoka hadi shule ifungwe Juni, kisha wakabidhiwe rasmi Julai. Kwa wale walio Interact kalenda hiyo inaoana vizuri na mwaka wa Rotary, unaoanza tarehe 1 Julai. Shule za kidato cha tano na sita zina muda mfupi zaidi, kwa kuwa wanafunzi huripoti Julai na mtihani wa kidato cha sita huwa Mei, hivyo huko uchaguzi usivuke Oktoba na makabidhiano yafanyike mwishoni mwa Februari.

Kinachokabidhiwa kiandikwe: katiba, daftari la wanachama, mihtasari, daftari la fedha na salio lililohesabiwa, orodha ya vifaa, barua zote zenye mihuri, na karatasi moja ya majina ya watu ambao klabu inafanya kazi nao, ikieleza kila mmoja anapatikana wapi na kwa saa gani. Karatasi hiyo ya mwisho haitoshi yenyewe. Mwenyekiti anayeondoka amchukue mpya kwa miguu hadi kwa mtendaji wa mtaa, muuguzi wa zahanati na mwalimu wa afya wa shule ya msingi, amtambulishe, kisha akae kando wakati mwenzake anapozungumza.

Waliomaliza wasiachwe. Mwenye miaka 18 anaweza kujiunga na Rotaract, klabu za Rotary za vijana waliovuka umri wa Interact, aliyekuwa katika klabu ya Leo anaweza kuendelea hadi miaka 30, na mwingine atabaki mtaani ambako kamati za maji, za shule na za afya hazina vijana wa kutosha wanaojua kuandika muhtasari na kusoma salio. Wawili au watatu kati yao waalikwe mara moja kwa muhula kukagua daftari la fedha la klabu waliyoiacha, na taarifa yao isomwe mbele ya wanachama kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule.